Kamati kwa kila idara, kamati moja, au kamati zinazofuata pesa: bunge la kaunti lichague muundo upi wa kumwangalia gavana?

Bunge la kaunti lina uhuru mkubwa wa kupanga kamati zake kuliko madiwani wengi wanavyodhani. Ibara ya 185 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalipa kazi ya kuiangalia serikali ya gavana. Ibara ya 195 inaipa kila kamati ya bunge hilo, iwe kubwa au ndogo, uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuita shahidi, kumwapisha na kudai stakabadhi. Hakuna mahali Katiba iliposema kamati ziwe ngapi au zigawanywe vipi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inaliachia bunge liunde kamati linavyoona inafaa. Yaani muundo wote unatoka katika Kanuni za Kudumu, zinazoongoza shughuli za bunge, na hizo huandikwa na madiwani wenyewe.

Pamoja na uhuru huo, orodha za kamati hufanana mno, kana kwamba Lamu yenye wadi 10 na Nairobi yenye wadi 85 zina tatizo moja. Hazina. Muundo unaofaa bunge kubwa unaweza kulikaba koo bunge dogo, na ulinganisho huu ni kwa yeyote anayekaribia kuketi kwenye meza ya kurekebisha Kanuni: diwani, karani, au mwananchi anayetaka kupeleka maoni yake.

Miundo inayoshindaniwa ni mitatu. Wa kwanza ni kamati kwa kila idara: Afya ina kamati yake, Barabara yake, Kilimo yake. Wa pili ni kamati moja pana ya uangalizi inayounda kamati teule za muda kila jambo linapozuka. Wa tatu hautazami idara hata kidogo. Unafuata safari ya pesa, kuanzia bajeti, kupita matumizi, hadi ripoti ya ukaguzi.

| | Kwa kila idara | Kamati moja na teule za muda | Kufuata pesa |
|---|---|---|---|
| Hugundua tatizo lini | Mapema, kama kamati iko macho | Likishapiga kelele | Mara nyingi baada ya pesa kuondoka |
| Anayeitwa zaidi | Waziri wa kaunti | Yeyote | Afisa mkuu wa idara |
| Hatari kubwa | Urafiki na idara | Ajenda kushikwa na wachache | Kusoma karatasi, kusahau huduma |
| Madiwani wanaohitajika | Wengi | Wachache | Wachache, lakini wanaojua hesabu |
| Mzigo wa makarani | Vikao vingi | Utafiti mwingi | Uchambuzi wa hesabu |

Jedwali halisemi lililo muhimu zaidi, kwa hiyo tuingie ndani.

Kamati kwa kila idara

Huu ndio muundo uliozoeleka, na una sababu nzuri ya kuzoeleka. Diwani anayekaa miaka mitatu kwenye Kamati ya Afya hujua hospitali ipi haina jenereta, ni mkataba upi ulisainiwa mara mbili, na waziri hujibu vipi anapokwepa swali. Ujuzi wa namna hiyo haununuliki. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaruhusu kamati kumtaka waziri wa kaunti afike na kujibu maswali kuhusu majukumu yake, na waziri anayejua kwamba atakutana na watu walewale mwezi ujao huja amejiandaa zaidi.

Ubaya wake wa kwanza ni kwamba ramani ya kamati inachorwa na anayeangaliwa. Gavana akiunganisha Maji na Kilimo katika panga pangua ya baraza lake, bunge hubaki na kamati mbili zinazomgombania waziri mmoja. Akiigawa idara, mwenyekiti mmoja anakimbizana na mawaziri wawili. Kanuni haziwezi kurekebishwa kila gavana anapobadilisha mawazo.

Ubaya wa pili ni mgumu zaidi. Chukua kituo cha afya kilichojengwa na kukamilika lakini hakijafunguliwa. Jengo lilisimamiwa na idara ya ujenzi. Vitanda na wauguzi ni mambo ya afya. Bomba la maji halijafika, hilo ni la idara ya maji. Barabara ya kuingilia imekatwa na mvua, hiyo ni ya barabara. Kila kamati ikimwita waziri wake itapewa jibu la kweli: sehemu yetu tumemaliza, au sehemu yetu inangoja ya wenzetu. Kamati nne zitaandika ripoti nne safi, na mama mjamzito ataendelea kupita mbele ya geti lililofungwa kwa kufuli.

Ubaya wa tatu huzungumzwa kwa sauti ya chini. Kamati inayopitisha makadirio ya idara, inayochambua miswada yake na inayosafiri na maafisa wake kwenda semina ya siku nne katika hoteli ya pwani, polepole huanza kuitetea. Wakati wa bajeti ndipo mambo hujitokeza wazi: badala ya kuuliza shilingi za mwaka jana zilikwenda wapi, kamati inapigania idara "yetu" iongezewe. Sisemi kila kamati huwa hivyo. Nasema muundo wenyewe unaisukuma huko.

Kuna na historia. Kabla ya 2013, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, kamati za madiwani katika mabaraza ya miji na wilaya zilikuwa zenyewe sehemu ya utawala. Zilikaa, zikaamua, watumishi wakatekeleza. Tanzania ingali na mfumo wa jamii hiyo: Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ya halmashauri ya wilaya huketi kila mwezi na hushiriki katika kuamua, si kuhoji tu. Ugatuzi ulipokuja, madiwani wetu walitolewa jikoni wakawekwa mezani kuonja. Lakini kamati za kisekta zilibaki na sura ya zile za zamani, na ndiyo maana hadi leo utamkuta mwenyekiti wa kamati ya barabara akiamua greda lianzie wadi ipi. Hapo si mwangalizi tena. Siku barabara hiyo itakapoharibika, atamhoji nani?

Kamati moja na teule za muda

Wanaoupendekeza muundo huu hutazama Uingereza. Huko, sheria ya mwaka 2000 ilizitenganisha halmashauri nyingi na mfumo wa zamani wa kamati zinazoamua, ikaweka baraza dogo la watawala lisilozidi watu 10 akiwemo kiongozi, na ikataka kuwe na angalau kamati moja ya kuwahoji ambayo watawala hao hawaruhusiwi kuikalia. Halmashauri ndogo kadhaa ziliishia na kamati hiyo moja tu. Jambo likizuka, huunda kikundi cha madiwani wachache, kikachunguza kwa miezi michache, kikaandika ripoti na kuvunjwa.

Kwetu chombo hicho tunacho tayari: kamati teule. Sheria ya 2012 yenyewe inaitumia. Hoja ya kumwondoa waziri wa kaunti ikiungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wajumbe, bunge linateua kamati ya watu watano inayopaswa kuripoti ndani ya siku 10. Wachache, swali moja, muda mfupi. Kile kituo cha afya kisichofunguliwa ndicho hasa kinachohitaji kamati ya namna hii, kwa sababu inaweza kuwaita mawaziri wote wanne siku moja na kuwaketisha kwenye benchi moja. Majibu ya "tunawangoja wenzetu" hayaishi muda mrefu mwenzako akiwa amekaa kando yako.

Tatizo ni nani anayeamua kipi kichunguzwe. Kamati ikiwa moja, mlango ni mmoja, na mlango mmoja hulindwa kirahisi. Kiongozi wa upande wenye wajumbe wengi akielewana na gavana, jambo chungu halikataliwi. Linawekwa tu nyuma ya foleni mpaka lipoe. Kamati kumi za kisekta, hata zikiwa dhaifu, ni milango kumi.

Halafu kuna sifa mbaya ambayo kamati teule zimejipatia. Wananchi wamezoea kuona ikiundwa kelele zinapozidi, na kelele zikiisha, ripoti haionekani. Hili si kosa la muundo peke yake, ila muundo unalirahisisha: kamati ikishavunjwa hakuna mwenye jukumu la kurudi baada ya miezi sita kuuliza mapendekezo yamefika wapi. Kwa hiyo ukichagua njia hii, andika ndani ya Kanuni kwamba kamati mama ndiyo inayorithi kila ripoti, na kwamba serikali ya kaunti ina siku kadhaa, tuseme 60, za kujibu kila pendekezo kwa maandishi. Bila hilo, usiichague.

Jambo jingine linalosahaulika ni makarani. Kamati ya kawaida huhitaji karani wa kuandika kumbukumbu na ripota wa Hansadi. Kamati ya uchunguzi huhitaji mtafiti anayeweza kukaa na faili la zabuni wiki mbili akalielewa kuliko afisa aliyeliandaa. Bunge lenye watafiti wawili haliwezi kuendesha kamati teule nne kwa wakati mmoja, hata likiwa na madiwani mahodari namna gani.

Kufuata safari ya pesa

Huu ndio ninaouona kuwa umedharauliwa. Badala ya kuuliza idara ni ipi, unauliza shilingi iko hatua gani. Kamati ya bajeti inaishika kabla haijatumika. Kamati ya uhasibu na uwekezaji inaishika ikishatumika na kukaguliwa. Kamati ya utekelezaji inafuatilia kama serikali ilifanya yale bunge liliyoagiza.

Nguvu yake ni kwamba ina kalenda isiyotegemea hisani ya mtu. Mwaka wa fedha unakwisha 30 Juni. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ana miezi sita ya kukagua na kutoa ripoti, yaani hadi mwisho wa Desemba. Ibara ya 229 inalipa bunge la kaunti miezi mitatu tangu lipokee ripoti hiyo liijadili na kuchukua hatua. Wakati huohuo taarifa ya mkakati wa fedha inawasilishwa kufikia mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Tazama zinavyobanana: kati ya Januari na Aprili, bunge linatakiwa kusoma makosa ya mwaka uliopita na kupanga pesa za mwaka ujao. Ukiipa kamati moja kazi zote mbili, itafanya ile yenye pesa mpya. Ya ukaguzi italala. Sababu hii pekee inatosha kuzitenganisha kamati ya bajeti na ya uhasibu, hata katika bunge dogo kabisa.

Pia anayekaa mbele ya kamati ya uhasibu ni mtu mwingine. Waziri hutetea sera. Afisa mkuu wa idara ndiye mwenye dhamana ya matumizi, na saini yake ndiyo iliyo kwenye karatasi. Maswali yanakuwa mafupi na majibu hayana pa kujificha. Vocha iko wapi? Nani alipokea mali? Kwa nini malipo yalitangulia cheti?

Mapungufu yapo, na ni makubwa. Hesabu miezi: pesa iliyotumika Julai, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, itajadiliwa bungeni Machi, miezi 20 baadaye. Mkandarasi amekwisha hama, afisa amehamishwa, pengine na gavana ni mwingine. Ni uchunguzi wa maiti, si matibabu. Pili, ripoti ya ukaguzi inaona stakabadhi kuliko inavyoona huduma. Muuguzi aliyelipwa kwa utaratibu wote lakini haonekani zahanati hatatokea humo kirahisi. Tatu, Seneti nayo ina kamati inayosoma hesabu zilezile za kaunti, na magavana wamelalamika mara nyingi kuhusu kuitwa huku na huku. Bunge la kaunti likichelewa, hadithi yote inahamia Nairobi na madiwani wanabaki kuitazama kwenye runinga.

Pengo la miezi 20 lina dawa ya bei nafuu. Msimamizi wa Bajeti, afisa wa kitaifa anayeidhinisha utoaji wa pesa za umma, hutoa ripoti za robo mwaka kuhusu matumizi ya kila kaunti: nini kiliidhinishwa, nini kilitumika, maendeleo yamepata asilimia ngapi, madeni yamefika wapi. Ziko wazi kwa umma. Kinachokosekana ni kamati iliyoandikiwa katika Kanuni kwamba ni wajibu wake kuzisoma ndani ya wiki chache na kuwaita wahusika. Ipe kazi hiyo kamati ya bajeti, na ghafla una uangalizi wa mwaka unaoendelea, si wa mwaka uliozikwa.

Hesabu ya viti

Kabla hujaupenda muundo wowote, chukua kalamu. Tuseme bunge lina wajumbe 18, waliochaguliwa na walioteuliwa. Kwa kuwa wako chini ya 30, Ibara ya 179 inasema mawaziri wa kaunti wasizidi thuluthi moja ya idadi yao, yaani 6. Kamati kwa kila idara maana yake ni kamati 6. Ongeza sita nyingine za lazima au za mazoea: bajeti, uhasibu, utekelezaji, uteuzi, kanuni, shughuli za bunge. Zimekuwa 12. Kila moja ikiwa na watu saba, ni viti 84. Gawanya kwa 18: kila diwani anakalia karibu kamati tano. Zikikaa mara moja kwa wiki, ana vikao vitano kabla ya kikao cha bunge zima, kabla ya wadi, kabla ya mazishi ya Jumamosi. Atakayesoma stakabadhi ni nani?

Sasa chukua bunge la wajumbe 90. Mawaziri hawawezi kuzidi 10. Kamati 10 za kisekta na 8 nyingine, watu 11 kila moja, ni viti 198, zaidi kidogo ya viwili kwa kila diwani. Hapo muundo wa idara unabebeka vizuri.

Na tusijidanganye kuhusu kwa nini kamati huzaana: kila kikao kina marupurupu, na kila kamati ina mwenyekiti na naibu wake. Bunge la watu 18 lenye kamati 12 linaweza kumpa karibu kila mjumbe cheo. Ukipendekeza kuzipunguza, hutapingwa kwa hoja za uangalizi, ingawa maneno yatakuwa hayo.

Kiranja na kiti cha mbele

Muundo wowote unaweza kuuawa na mambo mawili. La kwanza ni uwezo wa chama kumng'oa mjumbe kwenye kamati. Diwani akiuliza maswali makali Jumanne, kiranja, msimamizi wa nidhamu ya chama bungeni, anaweza kuwasilisha barua ya kumwondoa Alhamisi. Kamati teule ya watu watano inaathirika zaidi. Ukibadilisha wawili umebadilisha hukumu. Njia ya kujikinga ni Kanuni kusema kwamba kamati ikishaanza kuchunguza jambo, wajumbe wake hawaguswi mpaka iripoti.

La pili ni nani anakalia kiti cha kamati ya uhasibu. Katika Bunge la Kitaifa ni desturi kiti hicho kishikwe na upande wa wachache, na sioni kwa nini bunge la kaunti lifanye tofauti. Pale ambapo upande wa wachache ni dhaifu mno, afadhali mwenyekiti achaguliwe kwa kura ya siri ya bunge zima kuliko kuteuliwa na chama cha gavana.

Yote haya yakikosekana, bunge hubaki na silaha moja tu, kumng'oa gavana. Seneti iliidhinisha kuondolewa kwa magavana wa Kiambu na Nairobi mwaka 2020, Januari na Desemba. Lakini hoja ya namna hiyo ni shoka. Haikusaidii kujua kwa nini dawa hazijafika.

Ningechagua upi

Bunge lenye wajumbe chini ya 30 lisiwe na kamati kwa kila idara. Ningeweka kamati ya bajeti yenye wajibu wa kusoma ripoti za robo mwaka, kamati ya uhasibu iliyo peke yake, na kamati tatu tu za kisekta zilizokusanya idara zinazogusana: huduma za jamii, miundombinu pamoja na maji na ardhi, na uchumi pamoja na kilimo. Yale yanayovuka mipaka yaende kwa kamati teule, lakini mbili tu kwa wakati mmoja. Utekelezaji usiwe kamati. Uwe kifungu cha kudumu cha ajenda katika kila moja ya hizo tano.

Bunge la wajumbe 30 hadi 60 ndilo lenye uchaguzi mgumu, na hapo ningetazama makarani kabla ya madiwani. Kama kuna watafiti wa kutosha, kamati chache pana na kamati teule. Kama hawapo, kamati za kisekta, kwa sababu angalau diwani atajijengea ujuzi mwenyewe.

Bunge kubwa lishike kamati za idara bila aibu, mradi Kanuni ziruhusu kamati mbili au tatu kuketi pamoja na kutoa ripoti moja, na mradi kamati inayochambua makadirio ya idara isiwe ndiyo pekee inayochunguza matumizi yake.

Kuhusu lini: si baada ya wenyeviti kuchaguliwa. Hakuna mwenyekiti atakayepiga kura kukifuta kiti chake, na hakuna anayemlaumu. Nafasi nzuri ni miezi ya mwisho ya bunge lililopo, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, wakati kila diwani bado hajui kama atarudi, na akirudi hajui ataketi upande wa gavana au upande wa pili. Rasimu ikikamilika kufikia Machi, kuna muda wa kuwashirikisha wananchi na kuipitisha kabla kampeni hazijamaliza watu ukumbini.